Macho Hayana Pazia: Juu ya Maadili ya Kupanga Ziara ya Malta

Waswahili husema macho hayana pazia, na aghalabu husema hivyo kwa kumtetea mtu. Aliyekiona asichotakiwa kukiona halaumiwi, kwa kuwa jicho lililo wazi halichagui kinachopita mbele yake. Utetezi huo ni wa haki kwa mpita njia. Lakini je, unamfaa pia mtu aliyekaa kitako wiki kadhaa kabla ya safari, akatandaza ramani, akahesabu siku zake na fedha zake, kisha akaamua macho yake yawe wapi Jumanne asubuhi na yawe wapi Alhamisi jioni? Mtu huyo hakukutana na alichokiona, bali alikiendea. Ratiba aliyoiandika ndiyo pazia lake. Imefunua mambo fulani na kufunika mengine, na aliyelishona pazia hilo ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana upangaji wa ziara, jambo linaloonekana kuwa la bei na nyakati za mabasi tu, ni jambo la kimaadili pia. Safari ikishaanza, hiari ya msafiri hupungua: feri haimngojei, tiketi haibadilishwi, na joto la mchana humfanya afuate tu kilichoandikwa. Wakati wa kupanga ndipo hiari yake huwa kamili, na penye hiari ndipo penye dhima. Swali basi ni hili: anayekwenda nchi ya watu kwa ajili ya kutazama ana deni gani kwa kile anachokitazama, na kwa wenyewe? Likiachwa katika ujumla wake, swali hili huelea kama chombo kisichotia nanga. Heri lifungwe mahali pamoja. Malta inafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni nchi ya visiwa, ni ndogo, ni ya kale, na wageni wake ni wengi kuliko wenyeji.

Malta iko kusini mwa Sisilia na kaskazini mwa Libya. Visiwa vyake vinavyokaliwa ni Malta yenyewe, Gozo, na Comino ambacho wakazi wake ni wa kuhesabika kwa vidole. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 316, yapata theluthi moja ya Pemba. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi 519,562; mwaka 2024 nchi hiyo ilipokea watalii zaidi ya milioni 3.5, sawa na wageni karibu saba kwa kila mkazi mmoja. Historia yake ni ndefu kupita ukubwa wake. Mahekalu ya mawe ya Ġgantija, huko Gozo, yalianza kujengwa takriban mwaka 3600 kabla ya Kristo, yapata miaka elfu moja kabla ya piramidi kubwa ya Giza. Baadaye walikuja Wafoinike, Warumi, Waarabu mwaka 870, Wanormani kutoka Sisilia mwaka 1091, watawa wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohana mwaka 1530, Wafaransa wa Napoleon mwaka 1798, na Waingereza kuanzia mwaka 1800 hadi uhuru wa tarehe 21 Septemba 1964.

Mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki akikisikia Kimalta hushtuka kwa kutambua. Lugha hiyo imetokana na Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kilatini. Mmalta akihesabu husema sitta, sebgħa, disgħa, pale ambapo Mswahili husema sita, saba, tisa; bahari kwake ni baħar na kitabu ni ktieb. Wamalta wengi ni Wakatoliki, nao humwita Mungu Alla, na mfungo wao wa Kwaresima huuita Randan. Hayo hayaonekani, husikika tu, na ratiba za ziara aghalabu hazina nafasi ya sikio.

Ratiba ya kawaida ya siku tano huenda hivi. Siku ya kwanza ni Valletta, mji ulioanza kujengwa mwaka 1566 baada ya mzingiro mkubwa wa Waothmani wa mwaka 1565. Siku ya pili ni Mdina, mji mkuu wa zamani wenye kuta nene na wakazi wasiofika 300, ambao jina lake halihitaji kufasiriwa kwa ajuaye maana ya madina. Siku ya tatu ni mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra, kisha bandari ya Marsaxlokk, ambako wavuvi huchora macho mawili kwenye omo ya mashua zao, na imani ya wazee ni kwamba macho hayo humlinda aliyemo chomboni. Siku ya nne ni Gozo, kwa feri ya dakika 25 hivi kutoka Ċirkewwa. Siku ya tano ni Comino, kuogelea katika ghuba ya maji ya buluu.

Hakuna mahali katika orodha hiyo pasipostahili kuonwa. Kosa, kama lipo, limo katika mambo matatu ambayo orodha huyachukulia kuwa kweli bila kuyatamka. La kwanza ni kwamba kinachopungua ni muda wa msafiri peke yake, na kinachotazamwa hakipungui. La pili ni kwamba aliyelipa kiingilio amemaliza deni. La tatu ni kwamba kisichokuwamo katika orodha hakikustahili kuwamo. Yafaa kila moja lipimwe kwa mizani ya Malta yenyewe.

Jambo la kwanza lina jawabu lake katika mji wa Paola, kilomita chache kusini mwa Valletta. Mwaka 1902, mafundi waliokuwa wakichimba visima vya maji kwa ajili ya nyumba mpya walitoboa paa la makaburi ya chini ya ardhi, ambayo leo hujulikana kwa jina la Ħal Saflieni. Watu wa kale waliyachonga ndani ya mwamba kwa ngazi tatu, moja chini ya nyingine, wakayatumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, na inakadiriwa kwamba mabaki ya watu wapatao 7,000 yaliwekwa humo. Kwenye dari za baadhi ya vyumba kuna michoro ya rangi nyekundu, mizunguko na mikunjo iliyochorwa kwa udongo mwekundu, na imedumu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuitazama. Giza, ubaridi na unyevu usiobadilika ndivyo vilivyoihifadhi.

Watazamaji walipofika, walikuja na pumzi zao. Mtu anapopumua hutoa hewa yenye kaboni na unyevu. Mwili wake hutoa joto. Taa anayomulikiwa huotesha kuvu na mimea midogo juu ya jiwe. Hakuna aliyegusa wala kuiba, na bado michoro ilianza kufifia. Makaburi yalifungwa kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1990 ili yatengenezwe, na tangu yafunguliwe tena idadi ya wageni imewekewa mpaka: watu 10 kwa kila zamu, watu 80 kwa siku. Hewa ya ndani hudhibitiwa kwa mitambo, na kupiga picha hakuruhusiwi. Anayetaka kuingia huweka nafasi wiki nyingi kabla, na asiyeweka hurudi kwao bila kuyaona.

Wasafiri wengi hulihesabu jambo hilo kuwa usumbufu. Kwa mtu anayetafakari, ni somo. Tangu zamani kutazama kumehesabiwa kuwa tendo lisilo na madhara, tofauti na kula, kukata au kuchukua. Ħal Saflieni yaonyesha kwamba kutazama nako ni kula. Mlaji huyu hula polepole mno, kiasi cha yeye mwenyewe kutojua kwamba amekula, na chakula chake ni kitu kisichopikwa mara ya pili. Bandu bandu huisha gogo, na kila mwenye shoka ataapa kwamba ubandu wake mmoja haukuliangusha.

Hapo ndipo ilipo hoja ambayo mpangaji ziara hujipa bila kujua: mimi ni mmoja tu. Comino ni mfano wake wa wazi. Kisiwa hicho kina kilomita za mraba 3.5 na ni hifadhi ya viumbe chini ya sheria za Umoja wa Ulaya. Muogeleaji mmoja katika ghuba yake hamdhuru ndege wala ua. Ila kila mmoja wa maelfu waliokuwa wakishushwa hapo siku ya kiangazi alikuwa mmoja tu vilevile. Mwaka 2025 serikali ya Malta iliweka utaratibu wa kujiandikisha kabla ya kufika, na mpaka wa watu 4,000 kwa wakati mmoja. Idadi hiyo bado ni kubwa, lakini imekiri jambo ambalo ratiba haikulikiri, kwamba mahali pana tumbo lake na tumbo hilo hujaa.

Yawezekana kuuliza kama mipaka ya namna hii ni ya haki. Nafasi 80 kwa siku huenda kwa nani? Huenda kwa mwenye kujua mapema, mwenye kadi ya benki, mwenye kazi inayomruhusu kuchagua siku. Hoja hiyo ni nzito, lakini inachokosoa ni namna ya kugawa nafasi. Kwamba lazima nafasi ziwe chache, hiyo ni kauli ya jiwe lenyewe. Aliyekosa nafasi hajadhulumiwa na jiwe, kwa sababu hakuna aliyezaliwa na haki ya kuona kila kilichopo duniani. Mtu anaweza kuwa na haki ya maji na ya makazi, kwani bila hivyo hawezi kuishi. Bila kuyaona makaburi ya Paola anaweza kuishi vizuri sana. Haki ya kuona, basi, ikiwapo, huja baada ya haki ya kinachoonwa kuendelea kuwapo.

Jambo la pili ni deni na malipo, na hapa inafaa kumsikiliza kwanza mtetezi wa utalii, kwa kuwa anayo ya kusema. Waswahili wenyewe hunena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Malta wapo mabaharia wa feri, wapishi, waongozaji wageni, wachuuzi wa soko la Marsaxlokk na wahudumu wa hoteli ambao riziki yao yatoka mkononi mwa mgeni. Kiingilio cha makumbusho husaidia kulinda mawe yale yale ambayo pumzi za wageni huyachakaza. Mwadilifu anayebaki kwao ili asiwachakazie watu visiwa vyao huenda akawa amewalaza watoto wa mtu na njaa. Kuacha kusafiri si jawabu, na anayelitoa kwa wepesi aghalabu ni yule asiyeuza chochote kwa mgeni.

Hata hivyo, malipo yana mwelekeo. Fedha humfikia anayeuza, ilhali gharama humwangukia hata asiyeuza. Malta haina mto unaotiririka mwaka mzima, na zaidi ya nusu ya maji yake ya kunywa hupatikana kwa kuyaondoa chumvi maji ya bahari katika mitambo inayokula umeme, ambayo wa kwanza wa namna yake ulijengwa Għar Lapsi mwaka 1982. Mgeni anayeoga mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto amelipia chumba. Bahari iliyogeuzwa kuwa maji matamu kwa ajili yake ni hesabu nyingine. Kodi za nyumba nazo zimepanda, kwa sababu nyingi, na mojawapo ni nyumba zilizogeuzwa kuwa malazi ya wageni wa siku chache. Bei ya malazi humlipa mwenye nyumba, haimlipi kijana anayetafuta mahali pa kuanzia maisha.

Isitoshe, mwenyeji si mtu mmoja. Agosti 2022 wanaharakati wa Kimalta waliingia kwenye ghuba ya Comino asubuhi na kuviondoa viti vya kulalia vilivyokuwa vimepangwa kwa ajili ya kukodishwa, wakidai kwamba ufuo ni mali ya umma. Aliyevipanga viti ni mwenyeji, na aliyeviondoa ni mwenyeji vilevile. Msafiri anayesema kwamba wenyeji wameridhika amemsikia yule mwenye kibanda cha kuuza tiketi tu, kwa kuwa huyo ndiye aliyesimama njiani mwake. Malipo hufunga hesabu ya biashara. Hesabu ya ugeni hubaki wazi, kwa sababu ndani yake wamo watu ambao mgeni hakununua kitu kwao na wala hatawaona.

Neno hilo, hatawaona, laongoza kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote. Mpaka wa idadi huuliza ni wangapi wanaotazama. Ratiba huamua pia ni kipi kinachotazamwa, na kwa hiyo ni nani anayehesabiwa kuwa aliishi.

Kanisa la Mtakatifu Yohana mjini Valletta lilijengwa kati ya mwaka 1572 na 1577. Sakafu yake imefunikwa na mawe ya makaburi ya wapiganaji wa Shirika, takriban 400, yaliyonakshiwa kwa marumaru za rangi nyingi, na wageni wenye viatu vya visigino vyembamba hukatazwa kuingia navyo ili wasiyatoboe. Ni adabu njema. Kila jiwe lina jina, nembo na sifa za aliyelala chini yake. Katika mji huo huo, kwa zaidi ya karne mbili, waliishi watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini, wakivuta makasia ya merikebu na kulazwa usiku katika gereza lao. Mwaka 1749 baadhi yao walipanga njama ya kuuteka mji. Njama ikavuja, na makumi yao wakauawa. Waliobaki na waliokuja baada yao walingoja hadi Napoleon alipowaacha huru mwaka 1798. Hao hawakuwekewa marumaru, na hakuna kisigino kinachokatazwa kwa ajili yao.

Isidhaniwe kwamba bahari ile ilikuwa na mdhalimu mmoja. Mwaka 1551 kikosi cha Waothmani kilishuka Gozo na kuwachukua utumwani takriban watu 5,000, karibu kisiwa kizima. Ngome ambayo watalii huipanda siku ya nne ili wapige picha za mashamba ndiyo ambamo watu hao walikimbilia, na ndimo walimotolewa. Visiwa vya Bahari ya Hindi vinalijua swali hili kutoka upande wa pili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na leo mahali lilipokuwa, Mkunazini, ni kituo cha kawaida cha ziara ya Mji Mkongwe. Wenyeji wa Unguja wameona namna mgeni anavyoweza kuingia hapo akatoka analia, na namna mwingine anavyoweza kuingia hapo kati ya duka la viungo na chakula cha mchana, akatoka kama alivyoingia. Kuwamo katika ratiba peke yake, kwa hiyo, hakutoshi.

Ndani ya ngome hiyo ya Gozo kuna makumbusho madogo, na ndani yake kuna jiwe la marumaru lenye maandishi ya Kiarabu. Ni jiwe la kaburi la msichana aitwaye Maimuna binti Hassan, aliyefariki tarehe 16 Shaaban mwaka 569 Hijria, yaani 21 Machi 1174, karibu karne moja baada ya Wanormani kuingia. Upande wa nyuma jiwe lina nakshi ya Kirumi. Lilikwisha kutumiwa na watu wengine kabla halijawa lake. Maandishi yake, baada ya kumtaja Mungu na kukumbusha kwamba hakuna kinga dhidi ya mauti, hugeuka na kumhutubia moja kwa moja anayelitazama kaburi, yakimwambia kwamba aliyemo ameshachakaa na vumbi limekwisha kulala juu ya kope zake. Kwa mtu wa Pwani, jina lile si la kigeni, na mwito ule si wa kigeni. Lakini maana yake ni kwa kila mtalii. Hapa kinachotazamwa kinajua kwamba kinatazamwa, nacho kinamuuliza mtazamaji: baada ya kutazama, wewe nawe utakuwa nini? Mbele ya jiwe hilo hakuna awezaye kusema kwamba yeye alikuja kuona tu.

Jiwe la Maimuna ni la zamani, na huzuni ya zamani hubebeka. Mtihani mgumu zaidi ni wa huzuni ya leo. Wamalta huadhimisha kila tarehe 10 Februari kuvunjikiwa merikebu kwa Mtume Paulo, tukio linalohesabiwa kuwa la mwaka 60. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba watu 276 waliponea ufuoni, miongoni mwao wafungwa waliokuwa wakipelekwa Roma, na Paulo akiwa mmoja wao. Wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hawakuwauliza nani kati yao ni mfungwa na nani ni mlinzi. Ziara nyingi za Malta hupita mahali pa kumbukumbu ya Paulo, na mwongozaji husifu ukarimu ule kwa haki.

Bahari ile ile ingali inaleta watu. Kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni 2020, wakati maradhi ya UVIKO-19 yamezifunga bandari, watu zaidi ya 400 waliookolewa baharini walizuiliwa nje kidogo ya maji ya Malta. Vyombo walimozuiliwa vilikuwa mashua za utalii zilizokodiwa na serikali, vyombo ambavyo katika kiangazi cha kawaida huwazungusha wageni bandarini na kwenye mapango ya pwani. Serikali ilikuwa na hoja zake: bandari hazikuwa salama, na nchi nyingine za Ulaya ziliiachia Malta mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Hoja hizo hazifai kudharauliwa na mtu aliyekaa mbali. Hata hivyo, picha ya mashua zile hukaa moyoni. Viti vilikuwa vile vile, bahari ile ile, na upande wa kutazama ule ule. Kilichotofautiana ni karatasi aliyokuwa nayo mgeni mfukoni.

Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2015, chombo kilichojaa wahamiaji kilizama kati ya Libya na Italia na mamia ya watu wakafa. Miili 24 ilifikishwa Malta. Iliombewa na viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja, kisha ikazikwa katika makaburi ya Addolorata, majeneza yakiwa hayana majina. Makaburi ya Addolorata yako Paola, mji ule ule wa Ħal Saflieni. Mtu aliyeweka nafasi wiki nyingi kabla ili aone walipolazwa watu 7,000 wa kale wasiojulikana majina, akitoka nje huwa amebakiza nusu siku. Kwa mwendo wa miguu anaweza kufika walipolazwa watu 24 wa zama zake. Ya kwanza huwamo katika ratiba, ya pili haimo.

Msomaji makini atapinga hapa, na upingaji wake ni wa haki. Je, inapendekezwa kwamba makaburi ya waliozama yaongezwe katika orodha ya vivutio, kati ya kanisa na ghuba? Hilo lingekuwa baya kuliko kusahau. Lingemfanya marehemu atumike mara ya pili. Lakini kuzuru si kutazama. Mila za Kiislamu na za Kikristo zote zinakubaliana kwamba anayekwenda kaburini huenda kutoa, si kuchukua: hutoa dua, sala, maua, au kimya chake. Hapigi picha, hahesabu dakika, wala hatarajii kuonyeshwa kitu. Kinachodaiwa na maadili si kituo cha sita katika ziara. Kinachodaiwa ni kwamba miongoni mwa siku tano iwepo saa moja ambayo mgeni anakwenda mahali bila kutaka kupata kitu.

Msemo mwingine wa Waswahili hufaa kuongezwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huuchukulia kwa mzaha, kama onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Undani wake ni kwamba ugeni una siku za kutazama na una siku ya kushiriki, na anayepewa jembe amepewa heshima, kwa kuwa amehesabiwa miongoni mwa wanaoitegemea ardhi ile. Mtalii hupanga safari yake kwa namna ambayo siku ya tatu haifiki kamwe. Siku mbili mji huu, siku mbili mji ule, na kila mahali huondoka usiku wa kuamkia jembe. Hivyo huzunguka dunia nzima akiwa mgeni wa siku mbili.

Jembe lake lingekuwa lipi? Hawezi kulima Malta, wala hakuombwa. Anachoweza ni kuipanga safari yake kuanzia kwa mwenyeji badala ya kuianzia kwake: kuuliza kwanza mahali panabeba watu wangapi na kwa msimu gani, kisha ndipo aulize yeye ana siku ngapi, kukubali kwamba vingine hataviona, na asihesabu kuwa amepunjwa. Dirisha la mwamba la Dwejra, huko Gozo, lililopigwa picha na mamilioni, liliporomoka baharini kwa dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Waliokuwa wamepanga kuliona wiki iliyofuata hawakunyimwa haki yoyote, bali walikumbushwa kwamba lilikuwa neema tangu mwanzo. Anaweza pia kupunguza vituo ili sikio nalo lipate zamu yake, asikie sitta na sebgħa sokoni, na ajue kwamba aliyesimama mbele yake si sehemu ya mandhari. Na akirudi kwao, anaweza kuwa shahidi wa yote aliyoyaona, ya marumaru na ya bila marumaru, hata pale ambapo wenzake wanataka kusikia habari za maji ya buluu tu.

Hayo hayaibadilishi sana ratiba kwa nje. Valletta itabaki siku ya kwanza, na feri ya Gozo itaondoka saa ile ile. Kinachobadilika ni kazi ya jicho. Wavuvi wa Marsaxlokk huyachora macho ya mashua zao ili yamlinde aliyemo, na jicho la mgeni laweza kujifunza kazi hiyo. Macho hayana pazia, ni kweli, lakini mwenye macho ana wiki kadhaa za kufikiri kabla ya safari, na katika wiki hizo hapana wa kulaumiwa isipokuwa yeye.